Upepo wa Daraja Sifuri

Tangu ukumbi wa usharika ulipoezekwa upya na mafundi wa mjini, Mjomba Anaeli hakuwahi kuvuka mlango wake. Harusi alizihudhuria akiwa amesimama nje karibu na dirisha, mikono mgongoni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Sahani yake ya pilau waliipitishia dirishani. Watu walishazoea, watoto waliozaliwa baadaye walidhani ni ugonjwa. Mwezi uliopita tukamwingiza, kwa sababu alikuwa kwenye jeneza na hakuweza kubisha. Ibada ilipangwa ifanyike nyumbani kwake chini ya turubai, lakini mvua ya Mlima Meru haijawahi kusoma ratiba ya mtu. Ilishuka, mchungaji akaelekeza mkono ukumbini, na kabla sijapata la kusema Mjomba alikuwa ameshapitishwa mlangoni, miguu mbele, chini ya paa ambalo hakulifunga yeye.

Mimi nilikaa karibu na mlango. Huwa nakaa karibu na mlango popote ninapolazimishwa kwenda, ili nionekane nimefika na niwe wa kwanza kuondoka. Mimi ni mtu wa ndani. Nakaa Kimandolu, na kushuka Kaloleni kununua uzi ni safari ninayoijadili na nafsi yangu asubuhi nzima, kisha naiahirisha. Wanangu wanasema nikifa watanizika sebuleni kuniondolea usumbufu. Basi nilikaa pale, kanga imelowa, nikamsikiliza binamu yangu Dorka, binti wa marehemu, akisoma wasifu: kuzaliwa, kipaimara, ndoa, nyumba alizojenga huku mlimani na kule Tengeru. "Baadaye," Dorka akasoma, "marehemu alijishughulisha na ukarabati wa viti mjini." Akafunua ukurasa. Ndiyo hivyo. Mwaka mzima ukapitishwa ndani ya neno "baadaye" kama maiti inayopitishwa mlangoni, na hakuna aliyekohoa. Kisha akainuka Mzee Elifasi, ambaye wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na sasa ni mzee wa kushikwa mkono, akasema kwamba tumepoteza fundi hodari, fundi ambaye kazi yake haikuwa na doa. Watu wakaitika "amina." Mimi nikaangalia juu, kwenye mbao, kwa sababu ningemwangalia yeye ningecheka, na kucheka msibani ukiwa na umri wangu ni kujitafutia kesi.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yalikuja vile yalivyokuja. Nikapelekwa kwa Mjomba, juu kwenye migomba na kahawa, nikamsaidie mkewe, Mama Dorka, ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua. Wenzangu wa shule waliona nimefungwa jela. Mimi niliona nimepewa zawadi, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kila nilichotaka duniani: jiko lenye moto, kizingiti cha mti mgumu kilichonyanyuka kutoka ardhini kiasi cha kukalia, na ukuta wa mbao kati ya jikoni na sebuleni ambao Mjomba hakuwahi kuufikisha juu. Alijenga nyumba za watu mpaka kwenye dari, yake akaiacha na pengo. Mama Dorka alimsema kila wiki. "Anaeli, mimi nakaa na mvuke wa ndizi mpaka kwenye vitambaa vya makochi!" Naye alikuwa akijibu, "Mvumilie fundi, mke wangu, foleni ya wateja ni ndefu na wewe hujalipia." Kupitia pengo lile niliyapata maisha yote ya sebuleni bila kutoka jikoni, kama redio, tena isiyo na matangazo ya biashara. Jina langu ni Ndeshi, ila Mjomba alinibatiza Mama Kizingiti. Akirudi kazini jioni, vumbi la msumeno kwenye nyusi, alikuwa ananikuta nimekaa palepale aliponiacha. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, Mama Kizingiti. Umesafiri leo?" "Nimefika bandani, Mjomba." "Hongera. Ng'ombe hawajambo huko ughaibuni?" Na tulikuwa tunacheka kila siku, utani uleule.

Miezi ya mwanzo ya mwaka ule alikuwa anajenga ukumbi. Ulikuwa chini ya nyumba yetu, ng'ambo ya migomba, na kutoka kizingitini nilikuwa naziona kenchi, yale mapembetatu ya mbao yanayobeba paa, zikipanda moja baada ya nyingine. Mzee Elifasi alikuwa anapita karibu kila jioni kukagua, maana yake kunywa chai. Walikuwa marafiki wa kipaimara kimoja, wanaitana kwa majina ya utani ya utotoni ambayo sitayaandika. Kupitia pengo nilimsikia Mjomba akimweleza jinsi alivyokuwa akipitisha waya mnene ndani ya ukuta, chini ya safu ya juu ya matofali, kisha anauleta kuuzungusha kwenye kenchi na kuukaza kwa nondo. "Paa halitaki kuanguka, Elifasi. Watu wanadhani paa linataka kuanguka. Paa linataka kuruka. Mimi kazi yangu ni kulishika miguu." Mzee Elifasi akacheka, akasema fundi huyu anajenga ukumbi au anafunga mbuzi. Nakumbuka kicheko hicho vizuri kuliko mambo mengi ya maana niliyofundishwa darasani. Mtu aliyecheka hivyo aliujua ule waya. Alijua ulipo na unafanya nini.

Upepo ulikuja mchana wa masika, siku ya mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa wapi? Swali gani hilo. Nilikuwa nimekaa kizingitini namenya ndizi. Kwanza kuku wakakimbilia chini ya ghala. Kisha nikasikia lori likipanda mlima kwa gia nzito, nikashangaa, kwa sababu upande ule hakuna barabara. Nikainua uso. Kutoka juu msituni ilikuwa inashuka nguzo ya moshi mweusi, ila haukuwa moshi, ulikuwa udongo na majani ya migomba yanazunguka, na katikati yake kitu kilichong'aa ambacho baadaye nilielewa ni bati la jirani. Ulipita kando ya banda letu, ukaingia kwenye migomba, ukashuka mpaka ukumbini. Paa la ukumbi halikubomoka. Liliinuka. Liliinuka zima, kama mfuniko wa sufuria unaponyanyuliwa na mtu anayetaka kuona kama wali umeiva, likakaa hewani kidogo, kisha likavunjikavunjika, na ndipo nikasikia sauti za kwaya, lakini haukuwa wimbo. Ndizi niliyokuwa namenya ilikuwa bado mkononi. Upepo wenyewe ulikuwa umeshapita.

Niliona kitu kingine, na nakiandika hapa kwa sababu ndicho kilichokuja kunichoma. Ule upepo ulikuwa umepasua njia kwenye migomba, njia nyembamba ya kupita gari, kuanzia juu mpaka ukumbini na kuendelea. Migomba ya upande wetu wa njia ilikuwa imelala kichwa kikiangalia mlimani. Ya upande wa pili ilikuwa imelala ikiangalia mjini. Kama nywele zilizochanwa na watu wawili waliogombana. Hata migrevilea, ile miti mirefu ya kivuli cha kahawa, iliyokuwa mpakani ilikuwa imelala hivyohivyo, mmoja huku, mwingine kule. Sikujua maana yake. Niliona tu kwamba ni ajabu, nikakimbia, na hiyo ya kukimbia kwangu nje ya geti watu waliikumbuka kwa muda mrefu kuliko upepo. Kule chini Mjomba alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti, bega lake chini ya boriti, anaisukuma iinuke, na chini ya boriti alikuwa Naomi, binti wa Mzee Elifasi, sauti ya kwanza ya kwaya, mguu umekaa vibaya. Alimwinua mwenyewe. Akambeba mwenyewe hadi kwenye gari. Naomi alipona, lakini mguu ulibaki mfupi, na anachechemea hadi leo.

Wiki ile watu walikuja kutupa pole na sisi tukaenda kuwapa pole wao. Na Jumapili, baada ya ibada iliyofanyika kwenye majani kando ya ukumbi usio na paa, Mzee Elifasi akasimama kwenye matangazo. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala siku zote hizo akimuuguza Naomi hospitalini. Akasema kuna mhandisi anakuja kutoka mjini kukagua kilichotokea, anafuatana na viongozi, na kwa hiyo kila kaya isafishe eneo lake. "Wageni wasitukute kama tumelala," akasema. Namtendea haki kwa hilo: sidhani siku ile alikuwa na hila yoyote. Ndivyo tulivyo. Mgeni akisema anakuja, mtu wa mlimani hamuulizi anakuja kutafuta nini, anachukua fagio. Mgeni angekuja kuhesabu uchafu, tungefagia kwanza ndipo tumpe kalamu.

Tulifanya kazi kama siafu. Migomba iliyolala ikakatwakatwa kwa panga ikaenda kwa ng'ombe, maana mgomba ukianguka ni chakula cha ng'ombe, haulazwi uharibike. Migrevilea ikapasuliwa mbao na kuni. Mabati yaliyookotwa mashambani yakanyooshwa kwa nyundo juu ya magogo, yakapigiliwa upya. Vijana wa kwaya wakazikusanya kenchi zilizovunjika pale ukumbini, wakazipanga vizuri, na kwa kuwa zilikuwa mbao kavu na uhaba wa kuni ulikuwa mkubwa kwa sababu ya mvua, kila kaya ikagawiwa mzigo. Jioni ile kutoka kizingitini mlima ulionekana kama umetoka kuoshwa. Mama Dorka akasimama pembeni yangu, mkono kiunoni, akasema kwa kuridhika, "Sasa hata akija askofu." Mjomba aliangalia ile migomba iliyobaki, iliyosimama sawasawa pande mbili za uwazi ambao sasa ulikuwa unafanana na njia ya kawaida ya shambani, akaingia ndani akalala bila kula loshoro yake, na loshoro, makande yale ya ndizi na maziwa ya mgando, hakuwa mtu wa kuiacha.

Mhandisi aliitwa Bwana Godlisten. Alikuwa kijana, mpole, mzaliwa wa Kilimanjaro, viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko barabara yetu. Alikuwa amesomea mambo ya majengo na upepo nje ya nchi na alibeba karatasi zenye picha za nyumba za huko, za mbao, zilizobomoka kwa hatua. Alizunguka eneo lote akiwa ameongozana na Mzee Elifasi, akachungulia, akapima, akauliza. Kisha wakaja, pamoja na wazee wa kamati, kula chakula cha mchana kwetu, kwa sababu kwetu ndiko palikuwa pasafi zaidi. Mama Dorka alichinja jogoo. Nataka hilo lieleweke: tulimchinjia jogoo.

Mimi nilikuwa jikoni nachochea, pengo liko juu ya kichwa changu, na nilisikia yote.

"Upepo wenyewe hakuna aliyeupima, Mzee," Bwana Godlisten alikuwa anasema. "Chombo cha kupimia kingekuwepo kingeruka na paa. Kwa hiyo sisi tunasoma kinyumenyume. Tunaangalia kilichovunjika, halafu tunakisia kasi."

"Kama polisi," akasema Mzee Elifasi.

"Kama daktari anayepasua maiti. Kuna madaraja, kuanzia sifuri hadi tano. Matawi yakivunjika, bati mojamoja likibanduka, hiyo ni sifuri. Upepo haujafika hata kilomita mia na ishirini kwa saa. Paa zima likiondoka kwenye nyumba imara na kuta zikabaki, hiyo ni mbili. Hapo umepita mia na themanini. Tatu, kuta nazo zinaanguka. Tano, nyumba inafagiliwa, unabaki msingi."

"Basi letu ni mbili," Mjomba akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu wakae.

"Nimesema kwenye nyumba imara, fundi." Hakulisema kwa ubaya. Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. "Ndilo swali lenyewe. Jengo likivunjika, lazima nijue ni upepo uliokuwa mkubwa au ni jengo lililokuwa dhaifu. Na jengo haliwezi kujishuhudia lenyewe. Inabidi niulize majirani zake. Nimetoka barabarani mpaka hapa. Migomba imesimama. Miti imesimama. Mabati ya watu yako juu ya nyumba za watu. Upepo wa daraja la pili haumchagui mmoja ukawaacha majirani wote wamepiga deki."

Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Nikaingia nalo, na badala ya kuliweka mezani nikasema, "Shikamoo. Migomba ilianguka."

Wakanigeukia wote. Mjomba akaniangalia kama mtu anayemwona kuku anaongea.

"Marahaba," Bwana Godlisten akasema. "Ilianguka mingapi?"

"Mingi. Njia nzima. Tuliikata."

"Iko wapi?"

"Ng'ombe wamekula."

Sebule nzima ilicheka. Hata Bwana Godlisten alicheka, kwa upole, akajifuta midomo. "Dada, siwezi kupima kilichoko tumboni mwa ng'ombe. Na migomba hukatwa kila siku. Nimeona visiki, vyote vina alama ya panga." Kisha akaongeza, kwa sababu alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya karatasi zake, "Na hata ingekuwepo, kwenye orodha yangu hakuna mgomba. Kuna misonobari, kuna mialoni. Lakini miti migumu, kama ingekuwa imelala kwa kupingana, huku na huku, hapo ningesema ni kisulisuli chenye nguvu, maana upepo wa kawaida hulaza kila kitu upande mmoja."

"Ilipingana!" nikasema. "Upande huu iliangalia mlimani, upande ule mjini. Hata migrevilea. Nilikuwa pale kizingitini, niliona!"

"Wengine nao waliona?"

Nikamwangalia Mzee Elifasi. Yeye alikuwa amepita kwenye ile njia siku ileile, akikimbilia kwa mwanawe, akiruka migomba mmoja baada ya mwingine. Kila mtu kwenye sebule ile aliiruka. Yeye akaiangalia sahani yake. "Mimi nilikuwa na mtoto wangu," akasema. "Sikuangalia migomba." Na waliobaki wakaangalia sahani zao. Chakula kilikuwa kizuri, sahani zilikuwa na vya kuangalia.

"Na kenchi zilifungwaje?" mhandisi akamuuliza Mjomba.

"Kwa waya. Kutoka ndani ya ukuta."

"Ukutani nimeona vipande vifupi vimechomoza. Sijui ni vya kufungia kenchi au vya nini. Ningeiona kenchi yenyewe, nione kama waya ulikatika ukiwa umekaza au ulikuwa umefungwa hovyo, ningekuelewa. Lakini naambiwa mbao zimegawiwa."

Hapo nikakumbuka nilikuwa nachochea nini. Nikarudi jikoni nikapiga magoti. Chini ya sufuria iliyochemsha jogoo kulikuwa na kipande cha kenchi ya Mjomba, nusu kimekuwa kaa, na kwenye ncha yake waya umejizungusha mara nyingi, umekaza mpaka umezama kwenye mbao. Nilikivuta kwa koleo nikakipeleka sebuleni kinafuka moshi. Mama Dorka akapiga kelele, "Ndeshi! Vitambaa vyangu!" Bwana Godlisten akakiinamia, akakigeuza kwa uma, muda mrefu. Kwa sekunde chache nilidhani nimemwokoa Mjomba wangu.

"Waya uliopita motoni haunisemeshi tena, dada," akasema mwisho. "Umelainika. Sijui ulikuwa hivi kabla."

Mjomba akasimama, akachukua koleo mkononi mwangu, akakirudisha kile kipande jikoni mwenyewe, akakitia chini ya sufuria. "Mpe mgeni paja jingine," akaniambia. Nilimsubiri ajitetee, alikuwa na mdomo kuliko watu wote niliowajua, na hakujitetea. Nilipomuuliza kesho yake akasema, "Mimi ni fundi, Mama Kizingiti. Kama kazi yangu haikunitetea, mdomo utafanya nini?" Wakati ule niliona ni maneno ya kishujaa. Sasa hivi, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, naona yalikuwa maneno ya mtu aliyewaangalia rafiki zake wakiangalia sahani.

Matokeo ya ukaguzi yalisomwa ibadani kwenye matangazo, kati ya ndoa inayokuja na ng'ombe aliyepotea. Upepo wa daraja sifuri. Kwa hiyo jengo dhaifu. Nilimwona Mzee Elifasi akishusha pumzi, na hiyo pumzi nimeifikiria miaka yote hii. Mtu hawezi kumshika Mungu shati amuulize habari ya mguu wa binti yake. Fundi yuko karibu, ana shati, na anakaa jirani. Ingekuwa upepo ni daraja la pili angebaki na hasira isiyo na pa kwenda. Sifuri ilimpa pa kuipeleka. Nalielewa hilo. Kulielewa hakujanipunguzia kitu.

Kabla masika hayajaisha walikuwa wanamwita Fundi Sifuri. Sio usoni, mwanzoni. Kwanza walinong'ona, kisha kilabuni, kisha mama mmoja akaja kuagiza banda la kuku na kupitia pengo nikamsikia akimwambia Mama Dorka, akiwa anacheka kidogo, "Si kuku wangu wataruka na banda?" Banda hilo Mjomba alilijenga. Likawa la mwisho huku mlimani. Waliokuwa wameweka msingi wakaenda kutafuta mafundi kwingine. Mjomba alikuwa anarudi mapema sasa, nguo safi, nyusi hazina vumbi, na ananikuta kizingitini. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba." Basi. Hakuniuliza kama nimesafiri. Siku moja nikajaribu kumwanzia mwenyewe, nikasema, "Leo nimefika bandani, Mjomba," naye akasema "Vizuri," akapita. Kama kuna kipimo cha vitu vya namna hiyo sijui kingeandika nini. Hakuna kilichovunjika. Sahani zote zilikuwepo, kuta zilikuwepo, vitambaa vya makochi viliendelea kunuka ndizi. Mpita njia angetukagua angetupa sifuri na kwenda zake.

Krismasi ya mwaka ule ukumbi ulifunguliwa, umeezekwa upya. Tulivaa, tukashuka wote. Mlangoni Mjomba akasimama. Akainua uso akaangalia kenchi mpya, nami nikaangalia anakoangalia. Zilikuwa zimekaa juu ya ukuta kwa misumari tu, hakuna waya. Akageuka, akaenda kusimama dirishani. Mama Dorka akarudi kumvuta mkono, akakataa. Mzee Elifasi akapita, kanzu ya kwaya ya Naomi mkononi na Naomi nyuma yake na fimbo, akasema, "Krismasi njema, Anaeli." Mjomba akajibu, "Na kwako." Watu waliokuwa wanaitana kwa majina ya utotoni. Mwezi uliofuata alipata meza Kaloleni, akaanza kutengeneza viti. Kiti kikivunjika hakuna anayeuliza upepo ulikuwa wa kiasi gani. Mimi nikashuka mjini, nikaolewa, nikapata kizingiti changu.

Usiku wa kuamkia mazishi Dorka alinionyesha kwenye simu yake kitu ambacho baba yake alikuwa amemwomba amtafutie, akiwa tayari mgonjwa. Kumbe wenye kile kipimo walikirekebisha. Waligundua kwamba nyumba nyingi zilivunjika kwa upepo mdogo kuliko walivyodhani, na kwamba kasi walizoziandika kwenye madaraja ya juu walizikisia tu. Sasa wanamtaka mkaguzi aangalie kwanza jengo lilifungwaje, ndipo akisie. Tena kuna alama nyingine mpya, ya upepo uliopita mahali ambapo hakukubaki cha kupimia. Hawaandiki sifuri tena. Wanaandika haijulikani. "Nilimsomea mara mbili," Dorka akaniambia. "Akasema nini?" "Akasema, 'Haya.' Akaomba maji." Basi kipimo kimerekebishwa. Mjomba hakuna aliyemrekebisha.

Tulipotoka kumzika mvua ilikuwa imekatika. Uwanja wa nyumba yake ulikuwa umechafuka kama inavyopaswa: turubai limeinama upande mmoja, majani ya migomba yamekanyagwa yakachanganyika na tope, sahani chini ya viti, viti vimelala kifudifudi, nyayo za watu wote waliokuja. Wanawake wakaanza kutoa mafagio. Mimi ni mtu wa mafagio, kwangu hata paka anajifuta miguu, na nilikuwa nimeshalishika moja niliposikia sauti kutoka kwenye kiti cha heshima. "Wanangu, fanyeni haraka," Mzee Elifasi alikuwa anasema. "Kesho mchungaji anakuja na wageni kutoka mjini kumpa mjane pole. Wasitukute hivi."

"Wakute palivyo," nikasema.

Nilisema bila kupanga, na nilisema kwa sauti. Wote wakanigeukia, kama siku ile ya mchuzi, ila wengi wa siku ile wameshakufa.

"Ndeshi," Mzee Elifasi akasema, polepole, "mgeni haoneshwi uchafu."

"Shikamoo Mzee. Tulishafagia mara moja, ukatuambia wewe. Leo hatufagii."

Sijui kama alikumbuka au alikuwa amekumbuka muda wote. Naomi alikuwa amesimama karibu na jiko, amekuwa mama mtu mzima, fagio mkononi. Aliliangalia, akamwangalia baba yake, akaliegemeza ukutani, akaenda kukaa kizingitini, mahali pangu, mguu wake mfupi ameunyoosha mbele. Wengine wakabaki wameduwaa, wakimsubiri mwenye nyumba. Mama Dorka alikuwa ndani, kwenye godoro, na lile pengo halikuwahi kuzibwa. Alikuwa amesikia kila neno. Sauti yake ikatokea juu ya ukuta.

"Mwacheni Ndeshi. Pabaki hivyohivyo mpaka kesho. Waone kwamba hapa kuna kitu kimepita."

Mafagio yakarudi nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa linaingia, na watu wakaanza kuaga. Mzee Elifasi akainuka, mtu amemshika mkono, akasimama ukingoni mwa ule uwanja. Ilikuwa ni tope na majani na viti vilivyolala kutoka alipo mpaka getini. Akainua fimbo, akairudisha, akautazama uwanja wote ule, akitafuta pa kukanyaga.